Hukuwa Umenuna

Saada mwanangu,

Mambo ya maana mama yako ameshakwambia yote, tena kwa mpangilio ambao mimi nisingeuweza. Chandarua kiko juu kwenye begi, vyeti viko ndani ya bahasha ya nailoni chini ya nguo, na namba ya shangazi yako wa Tabora umeiandika mahali pawili. Hapo sina la kuongeza. Nakuandikia kwa sababu nimechanganyikiwa, na kila nikijaribu kusema na wewe ana kwa ana najikuta nimeshatoa mzaha kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Kalamu ni nzito kidogo kuliko ulimi wangu. Huenda humu nitafika.

Nipo studio. Umeme umekatika tangu alasiri, nimewasha ile taa ya chaji na mlango nimeushusha nusu. Nje, Rangi Tatu ya Mbagala ni ileile, kuna kijana anauza viatu vya mtumba kwa kipaza sauti chenye tangazo lililorekodiwa, kinarudia maneno yaleyale mpaka nimeyakariri. Wateja wa picha za pasipoti nimewaambia warudi kesho asubuhi. Walipokwisha kuondoka ndipo nikakumbuka kwamba kesho asubuhi sijui nitakuwa wapi.

Hilo ndilo linalonisumbua, bora nilitoe mapema. Juzi nilimkuta mama yako uani anachambua mchicha, akaniambia, "Baba Saada, mtoto kasema siku ya safari usijisumbue kwenda stendi. Ataenda na mie tu."

"Kasema nisijisumbue, au kasema nisije?"

"Kasema usijisumbue."

"Kwa sura gani?"

Mama yako akaweka mchicha chini. "Sura gani tena? Kwa sura yake. Mnalala ukuta kwa ukuta halafu mnanigeuza mie kuwa mtu wa kupeleka salamu. Kamuulize mwenyewe."

Nikaingia ndani kukuuliza. Nakwambia kweli, niliingia kwa nia hiyo. Nikakukuta unapiga pasi sare zako nyeupe, na kilichotoka mdomoni mwangu kikawa, "Mheshimiwa Hakimu, naona joho linaandaliwa." Uligeuza gauni upande wa pili ukaendelea na pasi. Nilitoka nje nikasimama karibu na karo la maji machafu, nikajiuliza ni nani huyu aliyesema maneno yale, maana mimi nilikuwa nimeingia kuuliza kuhusu stendi.

Najua jambo lilianzia wapi, au nadhani najua. Lilianzia siku ya kisomo cha kukuaga. Watu walikuwa wameshakula ubwabwa, dua imeshasomwa, wakasema baba mtu aseme mawili matatu. Nikasimama. Ningeweza kusema kwamba nilipopata habari kuwa jina lako limo kwenye ajira za wauguzi nilikwenda nyuma ya pazia la studio nikalia, na mteja akawa ananisubiri kwenye kiti huku amevua kofia. Ningeweza kusema hivyo. Badala yake nikasema, "Ndugu zangu wa Tabora nawaonea huruma. Mgonjwa ataingia na malaria yake, akimwona Hakimu huyu mlangoni, atapona hapohapo kwa hofu." Watu walicheka sana. Hata shehe alitikisika mabega. Nikakutazama, nikakukuta na uso wako uleule. Ukaokota sahani zilizokuwa karibu ukaingia ndani.

Jioni nilikuwa napanga viti vya kukodi, ukaja ukasimama pembeni yangu.

"Baba, naomba nikuulize. Mimi nimewahi kumhukumu nani?"

"Aa, si ndiyo sura yako hiyo tangu mdogo?"

"Tangu lini?"

"Tangu msiba wa Bi Mwanahawa. Watu wote wanavunjika mbavu, wewe umenuna."

Ulikisogeza kiti kimoja nilichokipanga vibaya. Kisha ukasema taratibu, kama unavyozungumza na mama yako akiwa na presha, "Baba, sikuwa nimenuna. Nilikuwa naogopa."

Na ukaendelea. Ukasema jina lile la Hakimu lilikufuata mpaka shule, walimu wakakupa kazi ya kuandika majina ya wapiga kelele kwa sababu unaonekana mkali, na wenzako wakaacha kukaa na wewe. Ukasema chuoni pia watu walikuwa wakipiga stori, ukifika wananyamaza. "Hujawahi kuniuliza nina nini, Baba. We unawaambiaga watu nina nini."

Nilifungua kinywa. Unakumbuka kilichotoka. Nilisema, "Haya, hukumu imeshatoka." Ukaingia ndani, na tangu siku ile tunaishi kwa "Shikamoo, Baba" na "Marahaba", basi.

Sasa mwanangu, nitakueleza nilichokiona siku ya Bi Mwanahawa, kwa upande wangu. Sikuelezi ili nijitetee. Nimegundua sijawahi kukisema kwa mtu yeyote, na mimi mwenyewe nilidhani kinaeleweka.

Wewe ulimjua kama bibi yako. Alishinda nawe mchana mama yako alipokuwa kwenye cherehani Kariakoo, alikulisha, alikuogesha, na ulimi huu wa Kizaramo unaouchanganya ukikasirika ulitoka kwake. Mimi nilimjua kama mtani wangu. Yeye Mzaramo wa hapahapa Mbagala, mimi Mnyamwezi wa kuja, na baina ya watu wake na watu wangu utani upo tangu enzi za babu zetu kubeba mizigo kutoka bara mpaka pwani. Alinitukana kila asubuhi juu ya ukuta wa matofali uliotenganisha ua wake na wetu. "We mpagazi wangu, umeamka?" Namjibu, "Nimeamka, Mzaramo wangu, ngoma imeisha saa ngapi?" Ananiambia, "Njoo unibebee ndoo. Babu zako walitoka Tabora na pembe za ndovu kichwani, wewe ndoo ya maji inakushinda?" Nambebea. Nikimaliza namwambia viwanja vyote hivi walituuzia wenyewe kwa uvivu wa kulima, ananirushia kandambili. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yetu ya kujuliana hali. Nikiwa naumwa alinitukana zaidi.

Kuna siku ulishikwa na homa kali, mama yako hayupo, mimi nikawa nazunguka chumbani nashika hiki naacha kile. Bi Mwanahawa akaingia bila hodi. "We Mnyamwezi, mbebe mtoto! Kubeba ndiyo kazi mnayoijua." Nikakubeba mgongoni mpaka zahanati, na yeye nyuma yangu, na nyonga yake mbovu ile, akinitukana njia nzima. Sikupata nafasi ya kuogopa. Mpaka leo sijui kama alifanya vile kwa makusudi, lakini nadhani alijua anachofanya.

Alipofariki, watu walikuja kunitazama mimi. Wewe ulikuwa darasa la nne, huenda hukulijua hilo. Mtani msibani ana kazi yake, hakai pembeni na wafiwa akalia. Nikachukua kanga zake kambani, nikajifunga, nikachukua na fimbo yake, nikatoka mlangoni kwake natembea kwa nyonga ile, na sauti yake naiweza, naita, "Saadaa! We Saadaa! Njoo unikune mgongo, mpagazi kalala!" Mabinti zake walikuwa wamelia tangu alfajiri mpaka sauti zimekauka. Walicheka wakashikana, wakalia tena, lakini kilio kingine sasa, chepesi. Wanaume walipoinua jeneza nikalala chini getini. "Hapiti mtu! Bibi huyu anaondoka bila kuniaga!" Mwanawe mkubwa akaniwekea sarafu kifuani kama ilivyo desturi, nikanyanyuka, nikashika kona ya mbele ya jeneza, nikambeba.

Watu walisema mtani ameifanya kazi yake vizuri. Lakini Saada, nilipolala pale getini, kweli nilikuwa sitaki apite. Hilo nalisema leo kwa mara ya kwanza.

Katikati ya vicheko vile nilikuona. Ulisimama kando ya pipa la maji, mikono umeibana kwapani, unanitazama bila kupepesa. Nikanyoosha fimbo nikasema mbele ya watu wote, "Mtazameni Hakimu yule, hacheki." Wakacheka tena. Jina likakuganda palepale.

Tangu uniambie kwamba ulikuwa unaogopa, nimekuwa nikijaribu kusimama pale ulipokuwa umesimama wewe. Asubuhi wamekwambia bibi amekufa. Mchana bibi anatoka mlangoni anakuita jina lako, kwa sauti yake, na miguu ni ya baba yako. Nikifika hapo najisikia vibaya mpaka nashindwa kukaa. Halafu dakika hiyohiyo nawaona mabinti wa Bi Mwanahawa wakicheka, nasikia yeye mwenyewe akisema ningethubutu kumwacha aende kimyakimya kama mgeni angenirudia ndotoni. Nikikuomba radhi kwa utani ule nitakuwa nimemkosea yeye. Nisipokuomba nitakuwa nimekukosea wewe. Nimelizungusha jambo hili kichwani wiki nzima, na kila nikidhani nimelipata linageuka. Jambo moja lilifanyika mbele ya watu wengi, na kila aliyekuwapo aliona la kwake. Mimi nilikuwa namlilia mtu. Wewe uliona mtu anachezewa. Nani kati yetu alikuwa na macho mabovu? Mama yako anasema hakuna. Jibu lake halinisaidii hata kidogo.

Ajabu ni kwamba mambo haya ndiyo kazi yangu. Nimekaa miaka yote hii nyuma ya kamera, na neno ninalolisikia kuliko yote ni "Hii siyo mimi". Mtu anakaa kwenye kiti, anapigwa picha, anapewa, anaitazama, anakataa. Kuna baba mmoja wa Charambe alirudi na picha zake amekasirika kwelikweli, ananiambia kamera imeharibika, imempindisha mdomo. Mkewe alikuwa mlangoni, akazichukua akasema, "Mbona ndiyo wewe, mdomo wako si umekaa hivyohivyo?" Yule baba alimtazama mkewe kama mtu aliyeambiwa nyumba yake si yake. Huwa nawaeleza kwamba kioo kinakugeuza, kushoto kinaweka kulia, na wewe uso uliouzoea ni ule wa kwenye kioo. Sisi wengine tunaokutazama hatujawahi kuuona uso huo. Wateja wanatikisa kichwa wananiambia nipige nyingine. Vijana wa siku hizi ndiyo kabisa, wamejipiga kwa simu zinazolainisha ngozi mpaka ukiwapa sura yao wanataka polisi waje.

Nilikuwa nikiwacheka. Sikufikiria kwamba mimi nawapa watu picha, na mwanangu nimempa picha moja tu akiwa darasa la nne, nimemwambia hii ndiyo wewe, na kila aliposema hii siyo mimi nimemjibu kamera ni nzima.

Ile picha yako ya kitambulisho cha shule, niliyoiweka kwenye kioo cha mbele pamoja na za maharusi, nilikupiga siku chache baada ya msiba. Wateja walikuwa wakiipenda. "Huyu nani, mbona mkali?" Nawaambia, "Hakimu wangu huyo." Juzi niliitoa kwenye kioo, nikakaa chini kuitazama. Nilitaka niuone woga ulioniambia. Sikuuona. Nikatafuta ule ukali wa siku zote, nao sikuuona tena. Niliona mtoto mwenye shati jeupe ambalo kola yake mama yako aliipiga pasi vibaya. Nikamwonesha dada mmoja aliyekuja kutoa nakala ya cheti. "Huyu unamwonaje?" Akaitazama akasema, "Ana njaa." Mzee wa duka la vipuri akasema, "Anamsubiri mtu." Kijana wa bajaji akasema, "Ana usingizi tu huyo, Mzee, mbona unahoji sana?" Nikawashukuru wote, nikairudisha kwenye bahasha. Nimezidi kuchanganyikiwa kuliko nilipoanza.

Ila kuna kitu kimoja nimekipata katika kuitazama, na sijui kama ni kweli au ni mawazo ya mtu asiyelala vizuri. Nadhani hakimu sikumpata usoni mwako. Nadhani nilikuwa naye tangu zamani.

Nilipofika Dar nilikuwa kijana, nabeba mizigo Kariakoo, upagazi hasa, Bi Mwanahawa hakukosea. Nikifungua mdomo watu wanacheka. Kiswahili changu kilikuwa na Kinyamwezi ndani yake, nikisema neno wananirudishia kwa mwigo. Nilijifunza jambo dogo tu, kwamba nikiwachekesha mwenyewe kabla hawajanicheka, kicheko kinakuwa changu. Nikaishi hivyo. Mama yako nilimpata hivyo, studio nilianza hivyo, mteja akikaa na wasiwasi namtolea kichekesho mabega yanashuka. Nikajijua kuwa mimi ni mtu wa kuchekesha. Sikujua kuwa mtu wa namna hiyo, akikutana na mtu asiyecheka, hana pa kuweka mikono. Anayecheka simhofii. Asiyecheka nahisi ananifikiria, na kama ananifikiria basi anafikiria mabaya, anaona kijana wa mizigo, anasikia ile lahaja. Katika maisha yangu yote haikunipitia akilini kwamba asiyecheka labda anajifikiria yeye mwenyewe.

Siku ile ulivyosimama kando ya pipa, nilijisemea, mtoto huyu ananionea aibu. Baba yake amevaa kanga ya ajuza mbele ya mtaa mzima. Wewe hukuwa umesema neno. Mimi ndiye niliyejiona nimeshtakiwa, nikamtafuta hakimu, nikakuta ni wewe. Halafu kila ulipokuwa kimya nikachekesha zaidi, na kila nilipochekesha ukanyamaza zaidi, na mimi nikasema, mnaona? Nilikuwa namwogopa mtoto ambaye ananiogopa. Tumekula meza moja miaka yote hiyo hivyo.

Lakini hata hapo sina hakika. Huenda najipa umuhimu mno. Huenda ulinionea aibu kweli, kidogo, na woga pia ulikuwepo, vyote kwa pamoja. Mtoto anaweza kuwa na vyote. Ningependa kukuuliza, na ningependa ukinijibu nisiseme kitu kwanza.

Sasa unakwenda Tabora. Nacheka peke yangu hapa, ila kicheko hiki si cha utani. Mimi nimeishi Dar maisha yangu yote ya utu uzima nikiitwa Mnyamwezi. Wewe ni mtoto wangu, kwa hiyo ni Mnyamwezi, na utakapofungua mdomo kule, kwa Kiswahili chako hiki cha Mbagala, watakuita Mzaramo. Hata shangazi yako atakuita hivyo. Watakutania uvivu, watakutania ngoma, watakuuliza kama huko kwenu mmebakisha kiwanja. Nilitaka nikufundishe la kufanya, nikakaa na kalamu muda mrefu. Zamani ningekwambia cheka tu. Siwezi kukwambia hivyo tena. Wala siwezi kukwambia usicheke, maana wengine watakaokutania watakuwa wanakukaribisha, hawajui mlango mwingine, kama ambavyo Bi Mwanahawa hakuwa na mlango mwingine kwangu. Na wengine watakuwa wanakuumiza kweli na watasema ni utani. Kwa nje vinafanana. Mimi nimekuwa ndani ya utani tangu kuzaliwa na bado sijui kuvitenganisha. Kama utapata njia ya kumuuliza mtu, "Hapa unanikaribisha au unanisema?" muulize, hata akishangaa. Mimi sikuwahi kuuliza, wala sikuwahi kuulizwa mpaka uliponisimamisha kwenye viti vile.

Na wagonjwa wako. Watauona uso wako kabla hujasema pole. Wapo watakaosema nesi huyu mkali, kama nilivyosema mimi. Ukisikia hivyo, usiamini kwamba ni kweli kwa sababu wamelisema wengi. Wengi walilipata kwa mtu mmoja mwenye studio. Na wewe utakapomwona mama amekukazia macho dirishani, hajibu unachomuuliza, hacheki, hata salamu yako haipokei vizuri, kabla hujasema huyu ana dharau, kumbuka ulikuwa kando ya pipa. Hapo unajua wewe kuliko daktari yeyote. Basi, nilijiahidi sitatoa mawaidha, naacha.

Umeme umerudi. Printa imeanza kulia peke yake, inatoa picha za yule bwana wa mchana ambaye atazikataa kesho.

Narudi kwenye stendi. Nimejaribu kulielewa neno lako, usijisumbue. Usiku wa juzi nilisema maana yake hunitaki. Jana nilisema maana yake unanionea huruma, stendi ya Mbezi ni mbali na mgongo wangu unaujua. Leo mchana nikasema unahofia nitafanya vituko na makondakta, niwaambie wamwangalie Hakimu asije akalifunga basi, watu wageuke, na wewe usafiri njia nzima na abiria waliokwisha kukujua kwa jina nililokupa mimi. Nadhani ni hili la mwisho. Lakini umeshaona jinsi nilivyo hodari wa kukusoma.

Kwa hiyo sitakusoma. Nitafanya hivi. Barua hii naipitisha chini ya mlango wako nikirudi. Asubuhi, kabla bajaji haijaja, nitakuwa nimesimama uani karibu na begi lako kubwa, lile la magurudumu mabovu. Kama hutaki niende, livute mwenyewe. Sitauliza, nitamwambia dereva awapeleke salama, nitarudi ndani, na nitakupigia ukifika. Sitakuwa na kinyongo, na nikikwambia sina kinyongo nakuomba uniamini kama nilivyopaswa kukuamini uliposema hukuwa umenuna. Kama unataka niende, liache palepale lilipo. Nitalibeba. Kubeba naweza, hilo hata Bi Mwanahawa alilikubali.

Nikija, sitatania mtu. Nimejiapia, na nimemwambia mama yako anikanyage mguu nikianza. Ila kuna jambo lazima nikutahadharishe, mwanangu, kwa sababu hujawahi kuniona nikiwa kimya na mimi mwenyewe sijui nikinyamaza nafananaje. Sijawahi kujipiga picha hiyo. Huenda uso ukawa mkavu. Huenda nikakutazama bila kupepesa, mikono nimeibana kwapani, wewe unapanda ngazi za basi na mimi nimesimama pale nimekukazia macho kama mtu mwenye kesi na wewe.

Usidhani nimenuna, Saada. Nitakuwa naogopa.

Baba yako